Golf Pride Tour Velvet: saizi ipi inafaa mkono wako, na inafanya nini kwenye swingi, yaani mzungusho wa fimbo unapopiga

Tour Velvet ni kishikio cha fimbo ya gofu, cha raba nyeusi kisicho na mbwembwe. Kiko sokoni miaka mingi, seti nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa zimevishwa hicho au kinachofanana nacho, na Tiger Woods anajulikana kwa kutumia toleo lake lenye nyuzi. Kuhusu raba yenyewe hakuna mengi ya kubishania: inashika vizuri, haichubui kiganja, na bei yake si ya kutisha. Wanunuzi wanakwama kwenye saizi. Pakiti zimeandikwa Undersize, Standard, Midsize au Jumbo, na muuzaji anautazama mkono wako mara moja, anakukabidhi Standard. Mara nyingi anapatia. Asipopatia, mpira unaanza kukimbilia pembeni na lawama zinaenda kwa kocha.

Hapa tunaangalia saizi tatu, Standard, Midsize na Jumbo, pamoja na MCC Plus4, kishikio kingine cha kampuni hiyohiyo, kwa sababu inatibu tatizo ambalo watu wengi hulitibu vibaya kwa Midsize. Maelezo ya mikono ni ya anayecheza kulia: mkono wa juu ni wa kushoto, wa chini ni wa kulia. Wa mashoto ageuze.

Anza na mdomo wa kishikio

Kabla hujalipa, chungulia ndani ya mdomo, upande unaoingia shafti, ule mti wa fimbo. Utaona alama kama 60R au 58R. Hiyo 60 ni kipenyo cha tundu la ndani, inchi 0.600, 58 ni inchi 0.580. Herufi R maana yake kishikio ni mviringo mtupu, hakina mwinuko wa ndani, ule mstari unaohisiwa chini ya vidole. Shafti nyingi za fimbo za wanaume zina inchi 0.600 upande wa juu. Ukivisha 58 kwenye shafti hiyo, raba inatanuka na kishikio kinanenepa kidogo, karibu sawa na kuongeza safu moja ya tepu inayozungushwa kwenye shafti chini ya kishikio. Ukivisha 60 kwenye shafti ya 0.580, kinakonda. Ndiyo maana watu wawili wananunua Standard ileile dukani, mmoja anasifia na mwingine anasema kimekuwa chembamba. Wote wawili wanasema kweli.

Unene wa nje hupimwa inchi 2 kutoka kwenye kifuniko cha juu. Standard iliyovishwa kwa safu moja ya tepu inakaa karibu na inchi 0.900, yaani milimita 22.9. Midsize inaongeza inchi 1/16, milimita 1.6. Jumbo inaongeza inchi 1/8, milimita 3.2. Ukisoma namba hizo utaona ni ndogo mno kuweza kubadilisha chochote. Mkono hauoni hivyo. Milimita 1.6 ya kipenyo ni karibu milimita 5 ya mzunguko, na vidole vinafuata mzunguko.

Kipimo cha vidole

Chati ya Golf Pride inapima kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Kwa ufupi: chini ya inchi 7 ni Undersize, inchi 7 hadi 8¾ ni Standard, 8¼ hadi 9¼ ni Midsize, zaidi ya hapo ni Jumbo. Angalia jinsi Standard na Midsize zinavyopandana kati ya 8¼ na 8¾. Wanaume wengi wenye mikono mikubwa kiasi wanaangukia hapo, na chati haiwaambii lolote. Glavu nayo inatoa dokezo: anayevaa M kwa kawaida ni Standard, L anaelekea Midsize, XL anaelekea Jumbo.

Chati inapima urefu wa mkono, wala haijui kama vidole vyako ni virefu au kiganja ndicho kirefu. Kwa hiyo hitimisha kwa kushika. Vaa glavu yako ya siku zote, shika fimbo kwa mkono wa kushoto peke yake kama unayetaka kupiga, kisha tazama ncha za kidole cha kati na cha pete. Zinatakiwa ziguse kwa wepesi nofu iliyo kwenye shina la kidole gumba. Zikizama kwenye nofu, kishikio ni chembamba. Ukiona uwazi unaoweza kupitisha kidole kidogo, ni kinene. Fanya hivyo kwa fimbo uliyoishusha mpaka chini kama unaukabili mpira. Ukiishika hewani mbele ya kifua, mkono unajifunga tofauti na kipimo kinadanganya.

Glavu kuukuu nayo inasema mengi. Ikitoboka kwenye kisigino cha kiganja, chini ya kidole kidogo, fimbo inateleza na kusaga hapo kila pigo. Chanzo kinaweza kuwa kushika fimbo kiganjani badala ya kwenye mizizi ya vidole, na kishikio kinene kupita kiasi ndicho kinachousukuma mkono kushika hivyo.

Swingi inaguswa wapi

Kanuni wanayoirudia makedi (wabeba fimbo) na makocha ni hii: kishikio chembamba kinapeleka mpira kushoto, kinene kinaupeleka kulia. Ina msingi. Kishikio kikiwa chembamba, vidole vinajikunja zaidi, fimbo inakaa kwenye vidole, vifundo vinakunjika kirahisi na mikono inageuka haraka fimbo inaposhuka. Uso wa fimbo unafunga mapema na mpira unapinda kushoto. Kikiwa kinene, fimbo inapanda kuelekea kiganjani, vifundo havikunjiki kikamilifu, mikono inachelewa kugeuka, uso unafika ukiwa bado umefunguka na mpira unapinda kulia. Umbali nao unapungua, kwa sababu kifundo kisichokunjika hakina cha kuachia.

Lakini atakayenunua kwa kanuni hiyo peke yake ana nafasi nzuri ya kukosea. Kati ya unene wa kishikio na mwendo wa uso wa fimbo kuna kitu kinachoweza kugeuza matokeo yote, nacho ni nguvu ya kubana. Bisibisi yenye mpini mnene inakaza skrubu kwa jasho kidogo kuliko yenye mpini mwembamba, na fimbo ni vivyo hivyo: mpira ukigonga nje ya kati, uso unataka kujipinda, na kishikio chembamba kinahitaji ubane zaidi kuuzuia. Mchezaji mwenye mikono mikubwa akipewa kishikio chembamba, anahisi fimbo itamponyoka. Anabana. Misuli ya kigasha inakaza, vifundo vinagoma kugeuka, na mpira unakwenda kulia, kinyume cha kanuni. Mpe Midsize, alegeze, na utashangaa kuona mpira unanyooka au hata unapinda kushoto kidogo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu anayepeleka mpira kulia si unene wa kishikio chake. Mwulize anabana kiasi gani, na wapi. Akimaliza mazoezi huku kigasha kimekaza na kidole gumba cha kulia kina sugu, jibu liko hapo.

Kwa wenye baridi yabisi au maumivu ya viungo vya vidole hesabu ni nyepesi: kishikio kinene kinapunguza kubana, na nafuu hiyo ni kubwa kuliko yadi chache atakazopoteza.

Uzito, jambo linalosahaulika

Tour Velvet Standard ina uzito wa gramu 50 hivi. Midsize inafika karibu 66. Gramu 16 za ziada zinakaa chini ya mikono yako, na kwenye mizani ya uzito wa swingi, inayopima kichwa cha fimbo kinahisiwa kizito kiasi gani, kila gramu 4 hadi 5 zinazoongezwa kwenye kishikio zinashusha kipimo kwa pointi moja. Kipimo huandikwa kwa herufi na namba: fimbo iliyokuwa D2 inateremka pointi 3, kwenye C9 hivi. Kichwa hakijapungua hata gramu moja, ila unakihisi chepesi, kana kwamba hakipo. Wanaozoea kuhisi kichwa kikining'inia pale juu kabla ya kushuka huanza kuharakisha, na pigo la kwanza kuharibika ni la weji, fimbo ya mapigo ya karibu, kule ambako mikono inategemea hisia kuliko nguvu.

Dawa ipo: gramu 2 za utepe wa madini ya risasi nyuma ya kichwa zinarudisha pointi moja. Kwa pointi 3 unahitaji gramu 6 kwa kila fimbo. Kuna mafundi wanaosema usijisumbue, kwa kuwa uzito wote wa fimbo umeongezeka na kinachobadilika ni mizania tu. Kwa draiva, fimbo ya mapigo marefu, tunakubaliana nao. Kwa weji, hapana, weka risasi.

Hapa ndipo Standard iliyoongezwa tepu inapoishinda Midsize kwa wengi. Kila safu ya tepu inaongeza takriban inchi 1/64, milimita 0.4, na uzito wa gramu chache tu. Safu 2 za ziada zinakuweka katikati ya Standard na Midsize, mahali ambapo hakuna pakiti inayouzwa. Ukifika safu 4 za ziada uko kwenye unene wa Midsize kwa uzito mdogo, lakini raba iliyotanuliwa hivyo inakuwa ngumu na michoro yake inafunguka. Tusingevuka safu 3.

Saizi moja moja

Standard ndiyo ya kununua kwanza kwa mwenye glavu ya M, na kwa mwenye L ndogo aongeze tepu. Inakonda upesi kuelekea chini, hivyo mkono wa kulia unashika sehemu nyembamba kuliko wa kushoto. Wachezaji wenye mkono wa kulia mtundu, unaoipindua fimbo mapema, watalalamikia hilo.

Midsize ni nzuri kwa mwenye L kamili na vidole virefu. Kasoro yake ni ule uzito, na pia kwamba watu wanainunua kutibu mpira wa kushoto hali mikono yao ni ya Standard. Mpira wa kushoto unapungua kwa wiki mbili tatu, halafu mwili unajifunza kugeuza mikono kwa nguvu zaidi ili kufidia, na mpira unarudi kushoto ukiwa mkali kuliko mwanzo.

Jumbo ni ya wachache. Bryson DeChambeau amefanya vishikio vikubwa vijulikane, ila vyake ni vya JumboMax, swingi yake imejengwa kwa kushikia kiganjani, na fimbo zake zote zimesawazishwa kwa ajili hiyo. Kumwiga kwenye kishikio tu na kuacha mengine ni kununua tatizo. Kama glavu yako ni XL, au viungo vya vidole vinauma, chukua. Wengine wapite.

MCC Plus4 ndiyo iliyotuvutia zaidi. Nusu ya juu ina nyuzi, ya chini ni raba laini, na sehemu ya chini imenenepeshwa kana kwamba imewekewa safu 4 za tepu. Mkono wa kulia unapata kitu cha kushika bila kubana, wakati wa kushoto unabaki kwenye unene wake wa kawaida. Kwa yule mwenye mkono wa kulia mtundu, hii inalenga penye ugonjwa. Midsize inanenepesha kote, hata pasipouma. Bei yake ni juu ya Tour Velvet, na zidisha kwa 13, kwa sababu sheria inaruhusu fimbo 14 na puta, ile ya kusukumia mpira shimoni, ina kishikio chake. Asiyetaka gharama hiyo aweke safu 2 au 3 za tepu kwenye nusu ya chini tu ya shafti, chini ya Standard. Aangalie jambo moja: sheria za R&A na USGA, vyombo vinavyotunga sheria za gofu, zinataka kishikio cha fimbo yoyote isiyo puta kiwe mviringo na kisiwe na uvimbe wala kiuno. Kikikonda polepole kuelekea chini au kikiwa sawa kote ni halali. Ukiweka tepu mpaka chini pakawa panene kuliko juu, fimbo haifai kwa mashindano.

Kuhusu ule mwinuko wa ndani: unasaidia kuweka mikono palepale kila mara na sheria inauruhusu. Usiuweke kwenye draiva yenye shingo ya kurekebishwa. Ukizungusha shafti kubadilisha pembe ya uso, mwinuko unazunguka nao na mikono inapotoshwa. Huko chukua R.

Kuvisha bila kuharibu saizi

Kishikio sahihi kinaharibika mikononi mwa fundi asiye makini, na saizi ndiyo inayopotea. Kwanza, unapochana cha zamani, hesabu safu za tepu zilizo chini yake. Fimbo za mitumba hasa zina historia yake: namba saba ina safu moja, nane ina tatu, weji ilivishwa na mtu mwingine kabisa. Ukiweka vipya vyote kwa safu moja, ile uliyoipenda itakonda na hutajua kwa nini.

Chana kwa wembe wa ndoano, ukikata kuelekea mbali na mwili. Wembe ulionyooka unakwaruza nyuzi za shafti ya grafaiti, na shafti iliyokwaruzwa inavunjika pale pale siku moja. Ondoa tepu yote ya zamani, mabaki ya gundi yafutwe kwa waiti spiriti. Ibane fimbo kwenye jiliwa ukitumia kibanio cha raba, usikaze kupita kiasi kwa grafaiti.

Weka kwanza tepu za kuongezea unene, zile za karatasi wanazotumia mafundi rangi, kisha tepu ya gundi pande mbili juu yake. Iache ipite mwisho wa shafti kwa nusu inchi na uikunjie ndani ya tundu, ili kimiminika kisiingie kwenye shafti. Ziba tundu dogo la kifuniko kwa tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, mimina waiti spiriti ndani ya kishikio, ziba mdomo kwa kidole, tikisa, kisha mwagia yote juu ya tepu. Sukuma kishikio kwa mkupuo mmoja mpaka kifuniko kigote kwenye shafti. Una sekunde chache za kunyoosha alama na uso wa fimbo.

Makosa mawili yanabadilisha unene bila mtu kujua. Ukikivuta kishikio kwenda chini kiwe kirefu ili kifike pale cha zamani kilipoishia, kinakonda, na kadiri unavyovuta ndivyo unavyokaribia Undersize. Ukikisukuma kikajikusanya, kinavimba. Pima urefu wake kikiwa bado kwenye pakiti, weka alama kwenye shafti, kiishie hapo.

Mafuta ya taa usitumie. Yanaacha utelezi na kishikio kitazunguka mkononi siku kadhaa baadaye. Petroli inakauka haraka lakini mvuke wake unalipuka kwa cheche ndogo. Thina ya rangi inakula rangi ya shafti za grafaiti. Waiti spiriti inatosha, ila subiri usiku mzima kabla ya kupiga.

Pwani na bara

Anayecheza viwanja vya pwani kama Lugalo (Dar es Salaam) au Vipingo Ridge (Kilifi) anakabiliana na jasho na unyevu wa bahari, na raba tupu iliyolowa inamlazimisha abane hata kama saizi ni sahihi. Huko toleo lenye nyuzi, Tour Velvet Cord au MCC, lina faida ya kweli. Linakwaruza mkono usio na glavu wiki za mwanzo, na kwa kuwa ni gumu linahisiwa nene kidogo kuliko raba ya kipimo hichohicho. Vishikio laini sana, kama baadhi ya vile vya Winn, vina tabia ya kinyume: vinabonyea chini ya vidole na kuhisiwa vyembamba. Ukihama kutoka aina moja kwenda nyingine usihamishe saizi kwa namba tu, rudia kipimo cha vidole. Nairobi, kwenye hewa kavu na ya ubaridi zaidi, raba ya kawaida inatosha.

Kabla ya kuvisha seti nzima, visha fimbo namba 7 moja. Nyunyiza unga wa talki usoni mwake ili uone mpira unagonga wapi, piga mipira 20 kwa fimbo hiyo na 20 kwa namba 8 yenye kishikio cha zamani, siku mbili tofauti. Siku ya kwanza karibu kila kishikio kipya kinafanya maajabu kwa sababu kinanata. Siku ya pili ndiyo ya kuamini.

Tour Velvet inadumu kama inaoshwa. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, brashi laini, suuza, kausha kwa taulo; mara moja kwa mwezi kwa anayecheza kila wiki. Mafuta ya kukinga jua na jasho ndiyo yanayoigeuza raba kuwa kioo, na buti ya gari iliyoegeshwa juani inamalizia kazi. Ukiona doa linalong'aa pale kidole gumba kinapokaa, raba imekwisha kuliwa hapo, na mkono umeanza kubana zaidi kufidia hata kama bado hujaona mpira ukipotea.